Banda la "kuku 6 hadi 8": miezi kumi na minne ya kulitumia, na jiji limelipima mara mbili

Kwenye katoni wameandika "kuku 6 hadi 8". Banda lenyewe limekaa nyuma ya nyumba yangu mwezi wa kumi na nne sasa, na ndani yake wanalala mitetea watatu. Idadi hiyo sikuipenda mwanzoni, maana nilikuwa nimeshajipangia sita. Lakini ndiyo idadi ambayo banda hili linaweza kuibeba bila kuvunja kanuni za jiji na bila kuwatesa kuku. Naandika hasa kwa ajili ya yule anayetaka kufuga kihalali, ambaye amebanana na majirani ukuta kwa ukuta, na sasa hivi anatazama picha ya banda kwenye simu akijiuliza kama litapita ukaguzi. Mimi nilisoma maoni ya wanunuzi wengi kabla ya kununua. Walisema ni zuri, linapendeza, watoto wamefurahi. Hakuna aliyeandika mkaguzi alipokuja alisema nini.

Ni banda la mbao nyepesi, la kuunga mwenyewe. Lina chumba cha kulala cha sentimita 120 kwa 90, kilichoinuliwa sentimita 45 kutoka chini. Mbele yake kuna uwanja uliozungushiwa waya na kuezekwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, sentimita 240 kwa 120. Ubavuni limechomoza sanduku la viota vitatu lenye kifuniko cha kuinua. Sakafuni kuna sinia la bati la kuvuta nje, na miguu miwili ya nyuma ina magurudumu. Kuliunga kulituchukua, mimi na mdogo wangu, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Matundu mawili ya skrubu hayakulingana, tukatoboa mengine. Bawaba moja ya kifuniko cha viota haikuwemo. Nikamwandikia muuzaji, ikaja baada ya siku tisa. Kwa hilo sina neno naye.

Kanuni nilizopewa nilipoomba kibali cha kufuga nyumbani zilijaza ukurasa mmoja na nusu. Nilizilinganisha na za miji mingine nikaona zote zinazunguka palepale: idadi, jogoo, umbali na usafi. Seattle, Marekani, mwaka 2010 waliongeza idadi kutoka kuku 3 hadi 8 kwa kiwanja cha kawaida, na papo hapo wakazuia majogoo wapya. New York mitetea ruksa, lakini jogoo, bata, bata bukini na bata mzinga hapana. England na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hata mwenye kuku mmoja lazima amsajili, ili mafua ya ndege yakizuka mamlaka zijue ndege wako wapi. Namba hutofautiana, lakini kinachotakiwa ni kilekile: jirani apate usingizi, panya wasizaliane, harufu isivuke ukuta, ugonjwa usisambae. Kwa mizani hiyo ndiyo nimelipima banda hili.

Naanza na idadi, kwa sababu hapo ndipo wametukosea zaidi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tepu ya kupimia kiunoni. Katoni hakuiangalia. Alipiga magoti, akafungua mlango wa chumba cha kulala, akapima urefu na upana, akaandika. Akapima uwanja, akaandika. Ndipo akaniuliza, "Dada, una kuku wangapi?" Nikamwambia wanne, nataka kuongeza wawili, banda ni la sita hadi nane. Hakunigombeza. Alinigeuzia karatasi yake nione hesabu.

Kipimo kinachotumika sana kwa kuku wa nyumbani wasiotoka kuzurura ni mita za mraba 0.37 ndani kwa kila kuku, na kama mita za mraba 0.9 uwanjani. Chumba changu kina mita za mraba 1.08. Gawanya kwa 0.37, unapata 2.9. Uwanja una mita za mraba 2.88. Gawanya kwa 0.9, unapata 3.2. Watatu, basi. Ile sehemu ndogo iliyopungua upande wa chumba alinisamehe, na akanipa siku thelathini nimpunguze mmoja.

Jioni ile nilikaa mezani na kalamu, nikiwa bado nimekereka, nikajaribu kutafuta watengenezaji walifikaje kwenye nane. Nadhani nimewagundua. Ndani kuna fito mbili za kulalia, kila moja sentimita 90. Kuku aliyetulia kwenye fito huchukua sentimita 20 hadi 25. Fito mbili ni sentimita 180. Gawanya kwa 25 unapata saba na kitu. Hapo ndipo "6 hadi 8" inapotoka: wamehesabu makalio kwenye fito. Mchana, siku ya mvua ambapo kuku hawatoki, siku yule wa chini anapodonolewa na hana pa kukimbilia, hawakuhesabu. Ukiwaweka wanane, kila mmoja anabaki na sentimita za mraba 1,350 za sakafu ya kulala. Chukua karatasi mbili za A4, ziweke chini sambamba, ongeza kipande kidogo. Hapo ndipo pake. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai kuanzia mwaka 2012, vizimba vilivyoruhusiwa kubaki vilitakiwa kumpa kuku sentimita za mraba 750. Sisi tunafuga nyumbani ili tuwatoe kuku kwenye maisha ya namna hiyo. Kuuziwa banda linalotukaribisha humohumo huku likiwa na paa la kupendeza kumeniuma kweli.

Niliwaandikia watengenezaji. Wakanijibu kwamba idadi ile ni ya kuku wa umbo dogo. Kwenye katoni neno "dogo" halipo, na hata hao wa umbo dogo nisingewaweka zaidi ya wanne.

Fito zenyewe zina matatizo mengine mawili ambayo unaweza kuyarekebisha kwa bisibisi siku ya kwanza, kabla kuku hawajaingia. Zimefungwa chini ya usawa wa viota. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa pa kulala, kwa hiyo wangu walilala kwenye viota wiki ya kwanza nzima, na asubuhi viota nikawa navikuta vimepakaa kinyesi. Nilizipandisha zikapita viota kwa sentimita 20, na usiku wa pili wote walikuwa juu ya fito. Pia zimewekwa karibukaribu, sentimita 18 tu kati ya moja na nyingine, hata kuku wa fito moja humchafua wa fito ya pili. Nimeiondoa moja. Sentimita 90 zinawatosha watatu.

Yule wa nne wa kupunguzwa alijichagua mwenyewe. Niliuziwa vifaranga wa siku chache nikihakikishiwa wote ni mitetea, na kubagua vifaranga ni kazi ambayo hata wenye ujuzi hukosea mara mojamoja. Kufikia wiki ya kumi na nne, mmoja wao kilemba kimekuwa chekundu kabla ya wenzake, na manyoya ya kiunoni yamechongoka, membamba, yanang'aa. Ya mtetea hubaki na ncha ya mviringo. Nilijua, lakini nilikuwa nimempenda, nikajipa moyo kwamba labda anachelewa kuwika. Hakuchelewa. Siku ya nne yake ya kuwika, mzee wa nyumba ya pili alinisimamisha mlangoni. "Mwanangu," akasema, "sina ugomvi na wewe. Ila saa kumi alfajiri huyo bwana anaanza, na mimi usingizi nikiupoteza haurudi." Nikamwambia, "Mzee wangu, nivumilie mpaka Jumapili."

Kwenye katoni wameandika pia kwamba mbao zake "hupunguza kelele". Nilitaka kuamini. Kabla ya Jumapili nilijaribu kila kitu: nikalifunika banda kwa blanketi mbili nene ili giza lizidi, nikaziba hata mwanya wa mlango. Nikaenda kusimama dirishani kwa mzee alfajiri, yeye ndani, mimi nje, tukisikiliza pamoja. Hatukuona tofauti ya maana. Mbao zina unene wa milimita 12 tu, na sauti ya jogoo kwa karibu hupita desibeli 90. Na giza halisaidii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake: huanza kuwika muda mrefu kabla ya mwanga kutokea, na hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, mpangilio wake wa kuwika unaendelea. Blanketi hailizimi jambo hilo. Jogoo nilimpeleka kwa rafiki mwenye shamba nje ya jiji. Nilirudi na kapu tupu na sikusema mengi siku hiyo.

Mitetea waliobaki nao wana sauti, tusidanganyane. Akitaga anatangaza, kwa dakika kadhaa, lakini ni mchana na ni kwa kiwango cha watu wawili wanaozungumza. Mzee anasema sauti hiyo haimsumbui. Na kwa anayejiuliza: mayai yanatoka bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka vifaranga.

Umbali nitaupitia haraka. Kanuni zilidai mita 3 kutoka banda hadi dirisha la jirani, langu lilikuwa mita 2.4. Hapo magurudumu yaliniokoa. Watu wawili wananyanyua upande mmoja, banda linasukumwa kama toroli, dakika tano limehama. Kwenye udongo uliolowa huzama, kwa hiyo tandika mbao mbili kwanza. Ingekuwa banda la kujengea chini, mkaguzi angenivunjisha.

Sasa harufu, ambayo ndiyo huleta mashtaka mengi kuliko kitu kingine chochote, na ndipo banda hili lina zuri lake kubwa na baya lake kubwa kwa pamoja.

Zuri ni sinia. Kuku mmoja mzima hutoa kama gramu 100 hadi 130 za kinyesi kwa siku, na sehemu kubwa ya hicho hutoka usiku akiwa kwenye fito. Kwa watatu, ni kama kilo mbili na nusu kwa wiki. Sinia lipo chini kabisa ya fito, limetoka ukuta hadi ukuta, lina kingo za sentimita 4, na linatoka kwa mkono mmoja. Natandika maranda makavu kiasi cha vidole viwili, na kila asubuhi ya pili nalivuta, nalikung'uta kwenye pipa la mboji, nalirudisha. Dakika nne. Nimewahi kumsaidia mtu kusafisha banda lisilo na sinia, akiingiza mkono hadi begani kwenye kimlango kidogo, na naelewa kwa nini watu huacha kusafisha. Mtengenezaji aliyebuni sinia hili alikuwa amewahi kufuga. Oneni tu lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kuku anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, kwa hiyo mimi naosha nje kwa mpira wa maji, na mikono kwa sabuni baadaye.

Baya ni hewa. Kinyesi kikavu cha kuku hakinuki sana. Kikilowa, bakteria huvunja asidi ya yuriki iliyomo na kutoa amonia, na hiyo ndiyo inayovuka ukuta na kumfikia jirani. Kabla haijamfikia jirani imeshamfikia kuku: ikifika sehemu 25 kwa milioni moja ya hewa, macho na njia zake za hewa zimeshaanza kuumia. Ili unyevu utoke, hewa lazima ipite juu ya vichwa vya kuku. Banda hili lina matundu mawili ya duara, ukubwa wa mdomo wa kikombe, na yote mawili yako usawa wa fito. Yaani upepo unawapiga ubavuni usiku, huku hewa yenye joto na unyevu ikibaki imekwama chini ya paa. Wiki ya tatu nilifungua mlango saa kumi na mbili asubuhi, nikaingiza kichwa hadi pale kuku anapoweka kichwa chake, nikavuta pumzi. Macho yalinitoka machozi. Nikiwa nimesimama wima nje sikuwa nasikia chochote. Jaribuni hilo kwenye banda lolote mlilonalo, alfajiri, kabla hamjafungua: piga magoti, weka pua mahali pa kuku.

Niliziba matundu yote mawili, nikakata uwazi wa sentimita 60 kwa 10 chini ya ukingo wa paa, pande mbili zinazotazamana, nikaufunika kwa wavu wa chuma. Tangu hapo kichwa kinaingia na macho yanabaki makavu. Ilikuwa kazi ya msumeno mdogo na saa mbili. Kiwandani ingekuwa kazi ya dakika moja.

Paa la chumba ni plaiwudi iliyofunikwa kwa karatasi ya lami. Linazuia mvua vizuri, halijavuja hata mara moja. Lakini karatasi hiyo imepigwa misumari midogo pembeni tu, katikati haikugandishwa, na ule mwanya kati ya karatasi na mbao ndio makao ya utitiri mwekundu. Mwezi wa saba niliona mtetea mmoja kilemba kimepauka na anakataa kupanda fito jioni. Mchana nilimkagua mwili mzima, sikuona kitu. Usiku, kama saa tatu, nilichukua tochi na kipande cha karatasi nyeupe, nikaipitisha chini ya fito. Ilirudi na michirizi ya damu. Utitiri huu hukaa kwenye nyufa mchana na hupanda kumfyonza kuku usiku, na joto likiwa zuri kizazi kizima hukamilika kwa siku saba hadi kumi. Nilipoibandua pembe ya karatasi ya paa niliwaona wamejazana kama vumbi la kijivu linalotembea, na waliokuwa wameshashiba walikuwa wekundu. Nilisimama pale na tochi nikawaomba radhi kuku wangu kwa sauti.

Ilinichukua wiki tano kuwamaliza: kuondoa karatasi ile yote, kusugua nyufa kwa maji ya moto na sabuni, kurudia kila siku ya saba ili wanaoanguliwa wasifike kuzaa, kisha kuezeka upya kwa bati lenye mawimbi. Bati halina pa kujificha. Kama unanunua banda hili, ondoa karatasi ya lami mapema.

Panya. Kanuni zilisema wazi kwamba banda lisiwe na mwanya unaopitisha panya, na hapa mkaguzi hakuhitaji hata tepu. Alisimama kwenye waya wa uwanja, ule wa matundu ya pembe sita, akaingiza kidole gumba. Kikapita chote hadi kwenye kiungo. Akaniangalia tu. Matundu yale yana milimita 25. Panya mzima hupita mahali pa milimita 20 hivi, na waya wenyewe ni mwembamba, mbwa akiuvuta kwa meno unafunguka. Waya ule unamzuia kuku asitoke. Kumzuia mwingine asiingie ni kazi ya wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 13, na huo hawakuuweka popote.

Nilibadilisha pande zote tatu. Na kwa kuwa uwanja hauna sakafu, niliutandaza wavu huohuo chini pia, ukitokeza nje sentimita 40 kuzunguka banda, nikaufukia kidogo. Panya au mbwa huanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikutana na wavu hajui kurudi nyuma na kuanzia mbali. Kwa upande mwingine, kule kuinuliwa kwa chumba sentimita 45 ni jambo zuri sana. Banda likikaa chini kabisa, panya hujenga chini yake na huwaoni. Langu nainama naona hadi upande wa pili. Na chakula kisilale nje: watatu hula kama gramu 350 kwa siku, nawapimia hiyohiyo, na jioni chombo kinaingia ndani ya nyumba.

Paa la uwanja wamelifanya vizuri, ila kati yake na ukuta wameacha mwanya wa sentimita 4 na shomoro wakawa wanaingia kula. Ndege wa porini ndio hubeba mafua ya ndege, na kideri (ugonjwa mwingine wa kuku) pia kinaweza kuingia kwa njia hiyo, kwa hiyo sikuupuuza. Kipande cha wavu na pini za kutosha, ukafungwa. Ikitokea amri ya kuwafungia ndege wote ndani, kama zinavyotolewa mahali pengi mafua hayo yanapozuka, banda hili sasa linatii bila mimi kufanya chochote.

Katoni inasema pia "linafaa sungura". Mimi sikuwaweka, lakini mdogo wangu baada ya kuona langu alinunua lilelile kwa ajili ya sungura wawili, na ushuhuda wake nauchukua kama wangu kwa sababu nilikuwa nikienda kumsaidia. Halifai. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, lazima atafune, na mbao hizi laini zilitafunwa hadi kizingiti cha mlango kikabaki kama kitana. Ngazi ya kupandia imesimama mno kwa sungura. Chumba cha juu kikipigwa na jua kinakuwa tanuri, na sungura hana uwezo wa kutoa jasho. Joto likikaribia nyuzi 30 anahema na kulala ubavu. Na kuna suala la kibali. Alipewa ruhusa ya sungura wanne. Aliuziwa wawili akiambiwa wote ni majike. Sungura hubeba mimba kama siku 31. Asubuhi moja akanipigia simu kwamba ndani kuna manyoya yamefunyangwa na kitu kinatikisika chini yake: watoto saba. Amepita idadi yake kwa usiku mmoja. Alienda mwenyewe kutoa taarifa, wakampa muda wa kuwagawa walipoacha kunyonya, na naamini kwenda kwake mwenyewe ndiko kulikomsaidia. Ukitaka sungura, tafuta banda la sungura, lenye mgawanyo wa ndani.

Komeo ndilo dogo lililobaki kunikera. Ni kile kipande cha mbao kinachozungushwa kwenye msumari mmoja. Mbao ikivimba kwa mvua hakizunguki, ikikauka kinajizungusha chenyewe. Nimeweka komeo la chuma lenye kufuli kwenye milango miwili. Kifuniko cha viota bado, nasubiri skrubu fupi zaidi ili zisitokeze ndani wanapolala.

Nyota: banda hili nalipatia tatu kati ya tano. Sinia, miguu mirefu, magurudumu na uwanja wenye paa ni vitu vya kweli na navitumia kila siku. Nyota moja nimeiondoa kwa hewa, waya na karatasi ya lami, mambo ambayo niliyarekebisha kwa mikono yangu. Ya pili nimeiondoa kwa ile namba ya kwenye katoni, ambayo siwezi kuirekebisha. Wabadilishe waandike "kuku 3", nami nitarudi kuongeza hiyo nyota siku hiyohiyo.

Mkaguzi alirudi mwezi wa kumi na moja, yuleyule mama. Safari hii mzee wa jirani alikuwepo, ameegemea ukuta, anamwambia mayai ya hapa ni makubwa. Mkaguzi alipima umbali, akavuta sinia, akainama kuchungulia chini ya chumba. Kisha akaenda kwenye wavu, akaweka kidole gumba. Hakikupita. Akajaribu kidole kidogo, kikaingia ncha tu. Akafungua fomu, kwenye nafasi ya idadi akaandika 3, akagonga muhuri.